Jina Kwenye Pakiti ya Unga

Mwanakheri hakuzaliwa na subira, wala hakuwahi kuitafuta. Chai aliinywa ikiwa bado inachemka, akaungua ulimi, akailaumu chai. Samaki aliwageuza juani kabla upande wa kwanza haujakauka. Marehemu mumewe, mzee Mwinshehe, alipenda kusema kwamba mke wake angepewa kazi ya kuivisha maembe angeyachapa fimbo. Watu wa Kasingirima, mtaa wao pale Kigoma, walicheka, naye akacheka nao, kwa sababu haraka hiyohiyo ndiyo iliyomlisha yeye na watoto baada ya mzee kufariki. Aliuza dagaa, akauza mawese, akauza vitenge, na hakuna kitu kilichomchachia mkononi.

Haya yasemwe mapema, asije mtu akamdhania roho mbaya. Mtu mwenye roho mbaya asingemchukua Leonia.

Leonia alishuka ufukweni mwishoni mwa mwaka wa tisini na sita, vita ilipowamwaga ziwani watu wa ng'ambo. Alitoka mji wa Baraka. Mumewe alibaki huko, chini ya udongo ambao Leonia hata hakupata nafasi ya kuusawazisha. Mkononi alikuwa na kitenge kilicholowa na sufuria moja iliyobonyea. Mwanakheri alikuwa amekwenda ufukweni kununua dagaa. Akarudi bila dagaa, na mtu nyuma yake. Jirani mmoja alipouliza kulikoni, alijibiwa palepale.

"Babu yangu mimi alitoka wapi? Si alivuka maji hayahaya kutoka Umanyema? Naye alipewa pa kulala na mtu."

Jirani akaenda zake, maana babu yake naye alivuka.

Amri ilikuwa kwamba wakimbizi wakae kambini, upande wa Kasulu. Lakini mjini kulikuwa na wengi waliopokewa na jamaa, au na watu walioamua tu kuwa jamaa, na mradi hawakuleta kelele, siku zilikwenda. Leonia hakuwa mtu wa kelele. Alifagia, alipika, alimwita mwenyeji wake Mama Hamdani kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na jioni alikaa barazani akitazama milima ya kwao iliyokuwa ikionekana ng'ambo siku ambazo hewa ni safi.

Mwanzoni mwa mwaka uliofuata, binti wa mwisho wa Mwanakheri alijifungua, na maziwa hayakutoka. Vidonge vilimezwa, mchuzi wa samaki ukanywewa, maziwa ya kopo yakanunuliwa mpaka mfuko ukalia. Mtoto alilia hadi sauti ikakauka. Ndipo Leonia, ambaye hakuwa amewahi kuomba kitu katika nyumba ile, alipoomba ulezi, karanga, mbegu za maboga, dagaa na majani ya mlonge. Alikaanga kila kimoja peke yake, akatwanga, akachekecha, akapika uji. Lakini kabla ya kumpa mzazi alisimama na kikombe mkononi.

"Kwanza aniulize."

"Akuulize nini?" Mwanakheri alisema. "Mpe anywe!"

"Kwetu mzazi anaulizaka: nani kakaanga? Akisikia jina ndiyo anakula. Huu unga unaingia kwa watu wawili, Mama Hamdani. Lazima aujue mkono."

Binti aliuliza, kwa sauti ya mtu aliyechoka. "Nani kakaanga?"

"Ni mi. Leonia wa Baraka."

Akanywa. Akanywa kesho yake na keshokutwa, kila mara akiuliza na kujibiwa, na kabla wiki haijatimia mtoto alikuwa akinyonya mpaka anapaliwa. Mwanakheri alimkumbatia Leonia jikoni, akalia kwa sauti, akaapa kwamba deni lile hatalisahau. Alikuwa anasema kweli. Kiapo cha siku ya furaha hakigharimu kitu.

Habari ya unga haikukaa Kasingirima. Wakaja wanawake wa Buzebazeba, kisha wa Mwandiga, kila mmoja na kopo lake. Leonia alikaanga, Mwanakheri akauza, na kilichopatikana walikila pamoja. Halafu akaja Noel. Huyu alikuwa kijana wa Mwandiga aliyeoa Mpulungu, upande wa Zambia, kule ziwa linakoishia, akafungua duka. Alichukua mifuko kadhaa akaondoka nayo melini. Aliporudi alikuwa na uso wa mtu aliyenyang'anywa.

"Mama, unga wako umezuiwa bandarini."

"Umezuiwa? Una bunduki?"

"Wanasema si unga wa ugali huu. Ni chakula cha kuongezea mwili nguvu, na vitu hivyo haviingii nchini mwao hivihivi. Lazima kijulikane kina nini ndani, kimetengenezwa wapi, na kitaharibika lini. Sampuli ipimwe. Maandishi yawe ya Kiingereza. Mama, ukifuata hayo, mimi kule nauza mpaka Kasama. Wanawake wananiuliza kila siku. Ila ufanye haraka, kuna mama mmoja wa Kasanga naye ameanza kutengeneza wa kwake."

Heri asingelitaja neno haraka. Kesho yake asubuhi Mwanakheri alikuwa mlangoni kwa bwana afya.

Bwana afya aliitwa Elinipa, Mpare wa Same aliyehamishiwa Kigoma, kijana mpole aliyesema polepole kama mtu anayepanga mayai. Alimwamkia mama shikamoo, akampa kiti, akaomba aone alichokusudia kuandika kwenye pakiti. Mwanakheri alikuwa amekwisha kumwagiza mwanafunzi mmoja wa sekondari aandike, kwa herufi kubwa: unga huu huleta maziwa, huondoa kizunguzungu, huzuia homa, hutuliza presha, na humrudisha mume nyumbani.

Elinipa alisoma, akakohoa kidogo, akachukua kalamu.

"Mama, huyu mume tumwache."

"Lakini ni kweli! Mume wa Regina pale Buzebazeba amerudi."

"Sikatai. Lakini ukiandika kwamba unatibu, umeshatoka kwenye chakula, umeingia kwenye dawa, na dawa ina mlango wake mwingine kabisa. Utatakiwa uthibitisho wa madaktari kwa kila ugonjwa uliouandika hapa. Andika ni unga wa lishe kwa mama anayenyonyesha. Basi." Kalamu ikapita juu ya homa, juu ya presha, juu ya kizunguzungu. Mwanakheri alitazama sifa za unga wake zikichinjwa moja moja, na moyo ukamuuma.

Wakaendelea. Elinipa alimweleza kwamba vilivyomo vinaandikwa kwa uzito, kilicho kingi kikitangulia, na hakuna ruhusa ya kuficha kimoja eti ni siri ya nyumbani, kwa sababu kuna watu ambao karanga huwavimbisha koo. Akaeleza tarehe ya kufunga na tarehe ya mwisho wa kutumia. Akaahidi kuja mwenyewe kulikagua jiko. Kisha akauliza, kalamu ikiwa tayari:

"Mtengenezaji ni nani?"

"Mtengenezaji?" Mwanakheri alisema.

"Nauliza anayekaanga hasa," Elinipa alisema. "Watu wa kule wanataka jina lake na mahali anapofanyia kazi. Mtu akidhurika, wajue wa kumuuliza. Utaweka saini kwamba ulichokitaja ni kweli."

"Na kama... kama anayekaanga ni mgeni? Tuseme, mtu wa ng'ambo?"

Elinipa aliweka kalamu chini. Aliuelewa mji huu kuliko alivyoonyesha.

"Kama ni mkimbizi, mama, si mwisho wa dunia. Anaweza kuombewa kibali cha kukaa nje ya kambi kwa sababu maalumu. Mimi nitamwandikia barua kwamba ana kazi yenye manufaa. Ila kitachukua muda. Masika yatapita, huenda na kiangazi kiingie."

Kiangazi kiingie! Mwanakheri alimwona yule mama wa Kasanga, ambaye hakuwahi kumtia machoni, akipakia mifuko melini huku anacheka. Alimwona Noel akimpokea. Akajiambia pia, na hili alilisema kwa nguvu zaidi moyoni kwa sababu lilikuwa linapendeza kusikia, kwamba kumtaja Leonia ofisini ni kumfichua.

"Ni mimi," alisema. "Ninayekaanga ni mimi."

Elinipa alimtazama kidogo, kisha akaandika. Mwanakheri akatia saini.

Nyumbani alimsimulia Leonia yote, na alipofika kwenye habari ya jina Leonia akatabasamu.

"Kumbe na wao wanaulizaka? Wana akili."

"Nimeandika langu," Mwanakheri alisema, akijishughulisha na kufunga kanga. "Ni kwa usalama wako, ndugu yangu. Jina lako likipita ofisini, watajua uko mjini."

Tabasamu halikutoka mara moja, lilififia taratibu. "Na kile kibali chenye alikuambia?"

"Kinachelewa mno. Tutakiomba baadaye, mambo yakishakaa sawa."

"Basi," Leonia alisema. "Weye ndiye mwenye nyumba."

Akaendelea kuchambua mbegu. Mwanakheri aliufurahia ukimya ule, akauita makubaliano.

Mambo yalikaa sawa. Jiko lilikaguliwa, sampuli ikaenda, majibu yakarudi mazuri. Pakiti zilichapishwa, nyeupe na kijani, zikiwa na picha ya mama na mtoto, na chini yake maneno ya Kiingereza ambayo mwenye unga hakuyaelewa hata moja, isipokuwa jina lake. Leonia naye hakujua Kiingereza, lakini jina la mtu husomeka popote. Aliishika pakiti ya kwanza, akaitazama mbele na nyuma, akairudisha mezani ikiwa imenyooka. Mara kadhaa Mwanakheri alikumbuka kile kibali. Alikikumbuka akiwa anafunga maboksi, akakikumbuka akiwa bandarini, na kila mara palikuwa na jambo la haraka zaidi. Kiangazi kikaingia, kikaanza kuisha.

Mwezi wa tisa, gari lenye kipaza sauti lilipita mitaani likitangaza kwamba wakimbizi wote walioko mjini wapelekwe kambini. Siku mbili tatu baadaye, asubuhi, maofisa walifika Kasingirima wakiwa na lori, wakienda nyumba kwa nyumba. Hawakupiga mtu, hawakutukana. Aliyesimama mlangoni kwa Mwanakheri alikuwa mtu mzima, na salamu yake ilikuwa ya adabu.

"Mama, wewe ni mwenyeji?"

"Mwenyeji, baba. Kwetu ni hapahapa."

"Na huyu?"

Leonia alikuwa ametokea kwenye mlango wa jikoni na ungo mkononi, mikono imejaa unga mpaka kwenye viwiko.

"Kama ana kazi inayojulikana," ofisa aliendelea, "au kuna ofisi inayomtambua, sema sasa, mama. Tutamwachia nafasi akafuatilie kibali. Kama hana, anapanda gari na wenzake."

Mwanakheri alijua sentensi iliyotakiwa. Ilikuwa fupi: huyu ndiye anayetengeneza unga huu, bwana afya ataeleza. Lakini pale barazani, hatua chache kutoka kwenye buti za ofisa, maboksi yalikuwa yamepangwa yakingoja mkokoteni wa kwenda bandarini, kila pakiti ikisema kwamba mtengenezaji ni Mwanakheri Mwinshehe. Akisema kweli, ameikana saini yake mwenyewe mbele ya serikali. Mzigo utazuiwa. Ruhusa ya Zambia itafutwa. Meli ilikuwa inaondoka kesho.

"Ni mgeni tu, baba," alisema. "Ananisaidia kuosha vyombo."

Leonia alimtazama Mwanakheri kama mtu anayengoja mwenzake amalize kuongea. Aliposhaona kwamba maneno yameisha, aliweka ungo chini, akanawa mikono, akaingia ndani. Alitoka na kifurushi chake. Alimchukua mjukuu wa Mwanakheri mgongoni kwa mama yake, akambusu utosini, akamrudisha. Binti alianza kulia na kumvuta mama yake nguo. "Mama, sema! Mama, si useme?" Mwanakheri alimtoa mkono.

Leonia alikuwa amekwisha kukanyaga ubao wa kupandia lori alipogeuka.

"Mama Hamdani, karanga ziko motoni. Ukazigeuze, zitaungua."

Na Mwanakheri akakimbia jikoni kuzigeuza karanga. Mungu anajua kwa nini. Miguu ilikwenda yenyewe, kama ilivyozoea. Aliporudi na mwiko mkononi, lori lilikuwa limekwisha kukata kona.

Mzigo uliondoka na meli, ukafika, ukauzika. Noel alileta salamu na oda nyingine. Binti alimsemesha mama yake kwa mambo ya lazima tu. Mwanakheri alikaanga mwenyewe sasa, na usiku, akiwa hana wa kuzungumza naye, alijitetea kimoyomoyo kwa watu ambao hawakuwa wamemshitaki. Alisema kambini kuna chakula. Alisema kuna hospitali. Alisema hata angetaja ukweli huenda wangemchukua vilevile. Kisha alikumbuka masika yalivyopita na kiangazi kilivyopita, akapiga hesabu kwamba kibali kingekuwa kimekwishatoka, na utetezi wote ukamwishia.

Oda ya pili ilirudishwa. Wapimaji wa Zambia waliona unga una unyevu na umeanza kuota kuvu. Walikuwa waungwana: hawakufuta ruhusa, walitaka mtengenezaji aeleze hatua kwa hatua anavyokausha na kukaanga, kisha alete sampuli mpya. Mtengenezaji, yaani yeye. Alijaribu tena, na tena, na kila alipofungua mfuko baada ya siku kadhaa, harufu ilimpiga puani.

Ndipo alipokwenda kambini. Na hapa pasemwe kweli: alikuwa ametaka kwenda tangu siku ile ya lori, na usiku mwingi aliamka akisema kesho nakwenda. Lakini kilichomwinua kitandani hatimaye kilikuwa kuvu.

Mvua za vuli zilikuwa zimeharibu barabara ya Kasulu, akafika na matope mpaka magotini. Alibeba sabuni, sukari, na kanga mbili nzuri. Njia nzima alikuwa akipanga maneno ya kuomba radhi, akayapanga mpaka yakawa kama sala.

Hakupata shida kumpata. Mtu wa kwanza aliyemuuliza alimwonyesha kwa kidole: kule kwenye turubai lenye moshi. Leonia alikuwa amekonda, na kichwa kimeanza mvi. Alikuwa ameinamia sufuria ileile iliyobonyea, na mbele yake wamekaa wanawake wenye watoto wachanga, kila mmoja na kikombe. Mwanakheri alisimama akasikiliza. Kila mwanamke alipofikiwa aliuliza, na kila mmoja alijibiwa, kwa sauti ileile isiyochoka: ni mi, Leonia wa Baraka.

"Mama Hamdani!" Alimwona. Alikuja, akamshika mikono yote miwili, akamfuta matope kwa kitenge chake mwenyewe, akamkalisha kwenye kigoda. "Mtoto hajambo? Ameota meno?"

"Ameota. Anasimama."

"Ah, Mungu mkubwa."

Sasa, Mwanakheri alijiambia. Sema sasa. Akavuta pumzi, na kilichotoka kinywani kikawa hiki:

"Unga unaoza, Leonia. Wameurudisha."

Alitamani ardhi impasukie. Lakini Leonia aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeulizwa njia ya sokoni.

"Mlonge unaukausha wapi?"

"Juani, na dagaa."

"Hapana. Kivulini, peke yake, mpaka jani livunjike. Na ukimaliza kukaanga unangoja?"

"Kungoja nini?"

"Upoe. Usiku mzima, kwenye ungo, wazi. Ukiufunga una moto unatoka jasho ndani ya mfuko. Kuvu ni hiyo." Alimshika mkono, akambonyeza kiganja kumwonyesha unga uliopoa unavyojisikia, akarudia yote polepole, akahakikisha ameelewa. Hakuficha kitu. Hakuomba kitu.

Ndipo Mwanakheri alipolia. Ile sala aliyoipanga njiani haikuja; yalikuja maneno mabovu, yaliyokatikakatika. Alisema amekosa. Alisema akirudi Kigoma anakwenda moja kwa moja kwa Elinipa, anaikana ile saini, wafute kila kitu, waanze upya, na safari hii kwenye pakiti liandikwe jina la Leonia, kubwa, la kwanza kabisa, hata ikichukua mwaka.

Leonia alimwacha amalize.

"Hapana sumbuka, Mama Hamdani. Kwenye pakiti acha lako. Wale wa Zambia hawanijui, na mi siwajui."

"Lakini ni haki yako!"

"Jina langu nililitaka siku moja tu. Siku ile, mlangoni." Sauti yake haikupanda. "Ungelitaja tu. Pengine wangenichukua vilevile, sijui. Lakini ningepanda lile gari nikiwa Leonia. Nilipanda nikiwa muosha vyombo."

Kisha akainuka, kwa sababu alikuwa amefika mwanamke mwingine, mtoto mgongoni na kikombe mkononi. Mwanakheri alitaka kumwomba arudi amtukane, ampige hata kofi, lakini hakuthubutu kumwomba kitu kingine tena.